Cha Kuonja Kisigeuke Shibe

Muuza tende sokoni humpa mteja tende moja aonje, wala haoni uzito. Lakini mteja akila kikapu kizima, kisha akafuta mdomo na kusema hazikumpendeza, hapo pana ugomvi. Je, mwandishi naye? Yampasa kumwandikia mtu makala bure ili apimwe kama kazi anaiweza?

Swali hili nililikuta Kericho, katika nchi ya chai. Wako vijana wa huko na wa Bomet waliosoma wakakosa ajira, nao hutafuta riziki kwa kuwaandikia makala matajiri wa ng'ambo kwa njia ya intaneti. Mmoja wao alinieleza kuwa kila tajiri mpya humtaka kwanza kielelezo: maneno elfu moja, juu ya jambo alilolichagua tajiri mwenyewe, bila malipo. Akishapeleka, mara hujibiwa, mara hasikii lolote. "Nikikataa, Mzee, wataandika wenzangu," akaniambia.

Sikumlaumu. Asiye na jina hana budi kuonyesha mkono wake, na mnunuzi naye ana haki ya kukijua akinunuacho. Fiqhi yetu yataka bidhaa ijulikane na bei ijulikane. Basi ubaya si kuonjesha. La kutazamwa ni kile kinachoonjeshwa.

Jibu limo katika chai yao wenyewe. Chai ikishatengenezwa viwandani huko, huteremshwa Mombasa kwa mnada, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia kwetu mwaka 1969. Kabla ya siku ya mnada, kila fungu huchotwa kidogo wakapelekewa wanunuzi. Waonjaji huitia maji ya moto, huivuta kinywani kwa kijiko na kwa sauti, kisha huitema. Chai hiyo hailipiwi. Lakini angalia, ndugu msomaji: imechotwa katika chai iliyokwisha kuwa tayari, asipoitaka huyu, ataichukua yule. Hakuna mnunuzi amwambiaye mkulima, "Nipandie mche wangu, uchume, ukaushe, nionje, kisha nitafikiri." Na mchumaji wa mashamba makubwa, ambaye hulipwa kwa kilo, mwambie ajaze kikapu cha kwanza bure uone kama anajua kuchuma. Atakushangaa.

Vivyo hivyo mwandishi. Na aweke tayari makala mawili matatu aliyoyaandika kwa wakati wake na kwa jina lake, amwonyeshe kila atakaye. Mtu akitaka kipya, kilichokatwa kwa kipimo chake yeye, huko si kuonja tena. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Ujira waweza kuwa mdogo, lakini utajwe kabla kalamu haijashikwa. Mtume (S.A.W.) alituusia tumlipe mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka, na jasho la kichwa nalo ni jasho.

Tena pana hatari nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwandishi haki ya alichokiandika. Lakini kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, ila pakiwapo mapatano mengine. Kwa hiyo aandikaye bure kwa agizo huenda akakosa ujira na haki kwa pamoja.

Najua njaa haina subira, na si kila kijana awezaye kukataa. Ila mwenye haja ya kweli akionyeshwa kazi nzuri iliyokwisha kuandikwa, huitambua. Asiyetosheka nayo, akashikilia mpya na ya bure, huyo haonji, huyo anakula.

Sisi washairi wa pwani tumezoea kuombwa beti za arusi tukalipwa ahsante. Hiyo ni hisani, na haina kosa, maana twaitoa kwa hiari kwa watu tuwajuao. Hisani hutolewa na mwenyewe. Ikiwa mtu ataidai mlangoni kabla hajakupa kazi, si hisani tena, ni kodi.