Pembe Nne Hazitoshi

Fundi anayeanza kujenga nyumba Kalima, katika jimbo la Maniema, hashiki tofali kwanza. Anapigilia vigingi vinne kwenye pembe za msingi na kuzungushia kamba. Asiyejua kazi hiyo atadhani umbo la nyumba limeshapatikana. Fundi bado hajaridhika. Anachukua kamba nyingine na kupima kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, akipita katikati, kisha anarudia kwa zile pembe mbili zilizobaki. Urefu ukilingana, msingi unachimbwa. Usipolingana, vigingi vinasogezwa.

Mtoto akipita hapo na kuuliza, “Papa fundi, kwa nini unapima katikati, na ukuta uko pembeni?” ameshaingia katika jiometri. Kazi yetu walimu na wazazi ni kumsaidia apate jibu kwa mikono yake mwenyewe.

Darasani tuna mazoea ya kuanza na majina. Tunachora ubaoni mraba, mstatili, pembetatu na duara. Watoto wanaitikia kwa sauti moja, na baadaye wanayakariri upya kwa Kifaransa. Mgeuzie mtoto huyohuyo mraba usimame juu ya pembe yake, naye atakwambia kwamba huo si mraba tena. Walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina, walilieleza jambo hili katika tasnifu zao za mwaka 1957. Mtoto kwanza hutambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyotambua uso wa shangazi yake. Baadaye huona sifa zake, yaani pande na pembe. Ndipo huweza kuziunganisha sifa hizo kwa hoja. Umri peke yake haumvushi hatua hizo. Kinachomvusha ni kazi na mazungumzo.

Basi tuichukue kazi ya fundi kwa kipimo cha mtoto. Tafuteni vijiti vinne vya mwanzi, viwili vya sentimita 80 na viwili vya sentimita 60. Vifungeni ncha kwa ncha, vilivyo sawa vikitazamana, kisha mvilaze chini. Mtoto asukume pembe moja polepole. Umbo litalala upande, ingawa hakuna kijiti kilichorefuka wala kufupika. Mwache alishangae jambo hilo: pande ni zilezile, pembe zimebadilika. Sasa avute uzi kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, huku na huku. Njia moja imerefuka, nyingine imefupika. Alirudishe umbo taratibu mpaka njia hizo mbili zilingane. Kila moja itakuwa sentimita 100, na pembe zote nne zitakuwa za nyuzi 90. Hapo ndipo umtajie jina: njia hiyo inaitwa mshazari. Halitamtoka, maana ameshaushika.

Kisha afunge kijiti cha tano kwenye mshazari mmoja. Umbo halisogei tena, kwa sababu limekuwa pembetatu mbili, na vijiti vitatu vikishafungwa ncha kwa ncha haviwezi kushika umbo jingine. Mpeleke nje aitafute pembetatu. Ataiona kwenye kenchi za paa. Ataiona kwenye baiskeli iliyobeba magunia ya mchele na madumu ya mawese, kati ya tandiko, kanyagio na ekseli ya gurudumu la nyuma.

Baiskeli hiyo ina somo la pili. Tieni alama ya chaki kwenye tairi na nyingine ardhini, mahali tairi linapogusa. Isukumeni kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi irudi chini. Umbali huo ndio mzingo. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 71 litakuwa limetembea sentimita 223 hivi. Rudieni kwa kopo la maziwa, kisha kwa kifuniko cha sufuria. Kila mara kipenyo kitaingia katika mzingo mara tatu, na kitabaki kipande kidogo. Mtoto aliyekiona kipande hicho katika vyombo vitatu, siku atakapofundishwa pai atakuwa anaonana na mtu anayemfahamu.

Kalima ni mji uliokua kwa bati, tangu enzi za kampuni ya Symétain iliyoundwa mwaka 1932, na kasiterite, yaani madini ya bati, bado huoshwa kwa mikono katika karai. Mahali pa mtoto si mgodini hata kidogo. Lakini karai liko nyumbani pia, na swali la mtoto ni halali: kwa nini ni la duara? Mpe maji na mchanga avizungushe ndani yake, kisha ajaribu katika chombo chenye pembe. Kwenye pembe, mchanga unajibana. Kwenye duara, kila sehemu ya ukingo iko umbali uleule kutoka katikati, hivyo maji hayapati pa kukwama. Kwa mwosha madini, yanachukua mchanga, usiofikia uzito wa maji mara tatu, na kuacha chini kasiterite, inayokaribia mara saba.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliandika kuhusu wajenzi wa vijijini wanaopata msingi wa mstatili kwa kamba mbili zenye urefu sawa, zilizofungwa pamoja katikati. Alishikilia kwamba ndani ya kazi kama hizo zimo fikra za hisabati, na mwalimu anapaswa kuziamsha. Mafundi wa Maniema wanazo pia. Mwombeni mmoja ruhusa, mpeleke darasa kiwanjani kwake, na mtoto aliyesukuma vijiti asimame karibu na vigingi. Akiulizwa kwa nini fundi anapima katikati, atajibu bila daftari: “Kwa sababu kamba ya pembeni haijui kama nyumba imelala.”