Setilaiti na Mchanga wa Kola
Mwezi wa Septemba mito ya msimu ya Kola, kusini mwa mji wa Machakos, haina maji ya kuonekana. Maji yamo ndani ya mchanga, nyuma ya kuta za mawe na saruji zilizojengwa kukatiza mkondo. Mvua ikinyesha, mto hubeba mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta. Katikati ya chembe zake hubaki maji, robo ya ujazo wote au zaidi, jua lisiyafikie. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na majirani zake mwaka 1978 kwa desturi ya mwethya, yaani kazi ya pamoja, kimejenga mengi.

Mtafiti aliye mbali atajuaje kama mabwawa hayo yanaisaidia ardhi? Setilaiti za kawaida za kupiga picha hazioni maji yaliyozikwa. Zinaona majani. Jani zima hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi miale ya infraredi, ambayo jicho letu haliioni. Kompyuta hutoa kipimo cha mwanga mwekundu kwenye kile cha infraredi, kisha hugawa jibu kwa jumla ya vyote viwili. Udongo mkavu hupata namba iliyo karibu na sifuri. Majani mabichi yaliyosongamana huelekea 1. Mwaka 2016 Cate Ryan na Paul Elsner, wa Birkbeck jijini London, walichapisha utafiti uliotumia kipimo hiki katika maeneo kame ya Kenya: wakati wa ukame, uoto penye mabwawa ya mchanga ulistahimili kuliko pasipo nayo.

Picha zenyewe ni za bure. Hazina ya setilaiti za Landsat, inayoanzia 1972, iliachiwa umma mwaka 2008, na tangu 2015 setilaiti za Sentinel-2 zinapiga picha ambazo kila kimraba ni mita kumi kwa kumi.

Lakini namba ya kijani haijui imepimwa kwenye mwembe au kwenye kichaka cha lantana, gugu linalotambaa hata pale mifugo isipopata cha kula. Haijui pia mwezi. Picha ya Desemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, ukiilinganisha na ya Septemba utashangilia bure. Kuna mtego mwingine, na kwangu huu ndio mkubwa: ukuta hujengwa palipo na kikundi kilichojipanga, na watu walewale ndio wanaochimba matuta na kupanda miti. Basi ubichi ule ni wa maji au ni wa jembe? Asipochagua kwa makini eneo la kulinganishia, mtafiti atausifu ukuta kwa kazi ya mikono.

Machakos imewahi kutoa somo hilo. Vilima vilivyopigwa picha mwaka 1937, vikiwa vimechakaa kwa mmomonyoko, vilipigwa tena mwaka 1991 vikiwa na matuta na miti, ilhali watu wa wilaya walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, hawakuishia kwenye picha. Walifuatilia mvua, masoko na kahawa, wakawauliza wakulima. Picha ilionyesha badiliko. Sababu ilitoka kwingine.

Halafu kuna malori. Mchanga wa Machakos unatafutwa na wajenzi wa Nairobi, na ukizolewa nyuma ya ukuta, maji hayana tena pa kukaa. Kutoka angani kitanda cha mto kinaweza kubaki cheupe vilevile. Dalili huja baadaye, miti ya ukingoni inaponyauka. Kwa hiyo nisingependa ramani ya wazi ioneshe kila bwawa kwa nukta yake halisi. Jina la lokesheni linamtosha msomaji, na mwenye lori aulize njia.