Muamba wa Kinshasa, mpira wa Kanada na baridi ya Novemba

Tarehe 20 Novemba 2022, katika mji wa Regina nchini Kanada, mzaliwa wa Kinshasa alichaguliwa mchezaji bora wa fainali kubwa kuliko zote za mpira wa nchi ile. Jina lake ni Henoc Muamba. Ekipe yake, Toronto Argonauts, ilipiga Winnipeg Blue Bombers pointi 24 kwa 23. Mwezi ule huku Kabongo mvua inanyesha na watu wako mashambani na mahindi. Kule ni mwanzo wa theluji.

Familia zenye mtoto au mpwa Kanada zinazijua zile picha za WhatsApp: mtu amekaa uwanjani, amejifunika mpaka yanabaki macho tu. Maswali yanakuja mawili. Huo ni mpira gani? Na anakaa namna gani pale kwa saa tatu bila kugeuka barafu?

Ni mpira gani huu?

Muamba alizaliwa mwaka 1989, akahamia Kanada akiwa mtoto. Huo mpira aliukuta kule. Mwaka 2011, ekipe zilipochagua vijana waliotoka vyuoni, yeye njo alichukuliwa wa kwanza kabisa, na Winnipeg. Ndugu yake Cauchy alicheza pia katika ligi hiyo.

Si mpira wa Mazembe. Wenyewe una umbo la papai ndogo, ncha mbili, na unabebwa na kurushwa kwa mikono. Kila upande una wachezaji 12. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio matatu ili isonge mbele yadi 10, ni kusema karibu mita 9. Ikifaulu, inapata tena matatu. Ikiona haitafika, kwa kawaida katika jaribio la tatu inaupiga mpira kwa mguu ili wapinzani waanzie mbali. Marekani wanatoa majaribio manne na wachezaji 11, kwa hiyo mtu asichanganye michezo hii miwili.

Kuingia na mpira katika eneo la mwisho la wapinzani ni pointi 6. Kuupitisha kwa mguu kati ya milingoti ni pointi 3. Kazi ya Muamba ilikuwa kusimama nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi na kumwangusha anayebeba mpira. Katika fainali ile aliudaka pia mpira uliorushwa na wapinzani.

Ligi ina ekipe 9. Inaanza mwezi wa sita, inamalizika Novemba kwa kugombania Kombe la Grey, kombe lililotolewa mwaka 1909 na gavana mkuu wa Kanada wa wakati ule.

Baridi nayo inacheza

Mwaka 1977, Montreal, uwanja uligeuka barafu. Wachezaji wa Montreal walipachika chini ya viatu vyao pini za chuma ili wasiteleze. Walishinda Edmonton 41 kwa 6. Mwaka 1991 fainali ilichezwa Winnipeg kwa digrii 17 chini ya sifuri. Konjelateri ya samaki iko karibu na digrii hizo. Watu walikaa humo mpaka mwisho.

Mchezaji anakimbia, damu inachemka. Mtazamaji amekaa tu, kwa hiyo yeye njo anaumia zaidi. Upepo nao unaongeza: digrii 10 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unazisikia sawa vile digrii 20 chini.

Namna ya kuvaa

Mgeni anakosea mara nyingi hivi: anavaa tishati ya pamba, juu yake koti moja kubwa, anafikiri imetosha. Anatembea haraka kwenda uwanjani, anatoka jasho, pamba inalowa. Akikaa, ile maji inamnyonya joto lote.

Wenyeji wanavaa nguo tatu juu ya nyingine. Ya ndani ni ya sufu au ya nailoni, haishiki jasho. Ya kati ni triko nene. Ya nje inazuia upepo. Hewa inayobaki katikati njo inatunza joto, sawa vile termosi ya chai. Kofia ifunike masikio. Viatu visibane: soksi mbili ndani ya kiatu kidogo zinazuia damu, na vidole vinapoa zaidi. Chini ya miguu wanaweka kipande cha katoni, juu ya kiti blanketi, maana chuma na saruji vinavuta joto. Chai ya moto inasaidia. Pombe inadanganya: ngozi inasikia moto, lakini joto la mwili linatoka nje.

Alama za hatari

Kidole, pua au sikio likigeuka jeupe au la kijivu na kukufa ganzi, nyama inaanza kuganda. Kama baridi pamoja na upepo inafika digrii 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Mtu aingie ndani mara moja. Asisugue, asipake theluji, asiweke karibu na moto. Atie katika maji ya vuguvugu au akumbatie kwapani. Ganzi isipoisha, ni hospitali. Mtu anayetetemeka sana na maneno yake kuanza kukwama, yeye pia ni wa hospitali, bila kungoja filimbi ya mwisho.

Mama au papa akipigiwa simu Novemba na mtoto anayesema anaenda uwanjani, amuulize maneno matatu: nguo ya ndani ni ya nini, viatu vinabana, na nani yuko naye wa kumwangalia uso. Pua yako ikigeuka nyeupe, wewe mwenyewe huioni, ni jirani anayeiona.