Kinanda Kisikisahihishe Chivoti

Kijana wa Munje, huko Msambweni, atakaye kuupiga muziki wa Kidigo kwa kinanda cha MIDI yampasa kwanza ajue kwamba kinanda hicho hakitoi sauti. Utaratibu huo, uliotangazwa mwaka 1983, huipelekea kompyuta tarakimu tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachwa lini. Sauti huamuliwa na programu.

Hapo ndipo penye mzozo. Vitufe huigawa oktavu mafungu 12 yaliyo sawa, kwa desturi ya Ulaya. Matundu ya chivoti, filimbi ya Wadigo, hupimwa kwa mkono na sikio la fundi. Kukilazimisha kifuate vitufe ni sawa na kuzipima lugha za Kibantu kwa sarufi ya Kilatini, kosa ambalo sisi wanaisimu twalijua mno.

Programu huria, ambazo yeyote aweza kuzichungua na kuzigeuza, zina faida kubwa kuliko kupatikana bure. ZynAddSubFX, kwa mfano, humruhusu mtumiaji aibadili mizani yenyewe ya sauti. Basi mpulizaji na aketi kando ya kompyuta, apulize tundu moja moja, na mwenye kinanda arekebishe tarakimu mpaka mzee aridhike. Jioni moja haitatosha: chivoti kimoja hakilingani na kingine, na mizani ya kila kimoja itapaswa kuhifadhiwa peke yake.