Sehemu Moja ya Mia ya Milimita

Msimu wa mavuno ya ngano ukifika Njoro, Rongai na Mau Narok, kombaini ikikwama shambani hasara huhesabiwa kwa saa. Mvua haimngoji mkulima, na ngano iliyokomaa ikinyeshewa mno huchipua ikiwa bado kwenye suke. Mara nyingi injini huwa nzima. Kilichoharibika ni shafti, imelika pale inapokaliwa na beringi, ikaanza kucheza, ikatetema mpaka mashine nzima ikalazimika kusimamishwa. Hung'olewa, ikapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Nakuru mjini kwa fundi wa kukereza chuma. Kinachofanyika katika karakana ile ni sayansi kamili, ingawa wengi wetu tunapita mlangoni kila siku tukiona giza, grisi na kelele tu.

Chukua beringi ya namba 6210, ambayo ni ya kawaida sana katika mashine za kilimo. Tarakimu zake mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu lake, milimita 50. Mtu angedhani basi shafti nayo iwe milimita 50 barabara. Sivyo. Kwa kazi nzito ya namna hii, kimojawapo cha viwango vinavyotumika sana duniani kinataka shafti isipungue milimita 50.002 wala isizidi 50.018. Nafasi aliyoachiwa fundi ni sehemu 16 za elfu moja za milimita, yaani chini ya robo ya unene wa unywele. Akikereza kupita kiasi, pete ya ndani ya beringi itateleza juu ya shafti na kuisaga, na mkulima atarudi kabla hajamaliza shamba. Akiiacha nene, pete itatanuka, itazibana gololi, na beringi itapata moto hadi ipasuke.

Kabla ya kukereza, fundi hujaza palipolika kwa kuchomelea. Huzungusha shafti huku akichomelea, upande huu kidogo na upande ule kidogo, kwa kuwa joto likikaa mahali pamoja chuma hupinda. Ikipoa huifunga kwenye ledhi, huweka saa ya kupimia na kutazama mshale wake shafti ikizunguka polepole. Mshale ukicheza, shafti imepinda, na lazima inyooshwe kwanza. Haya yote hutangulia mkato wa kwanza.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mbahatishaji. Chuma cha pua hurefuka na kunenepa kwa takriban sehemu 12 za milioni kila joto linapopanda nyuzi moja. Ni kidogo mno hata masikioni. Lakini kisu cha ledhi kinapokata, shafti hupata moto, na ikifika nyuzi 60 itakuwa imevimba kwa milimita 0.024 kuliko ilivyo kwenye nyuzi 20. Uvimbe huo peke yake unashinda nafasi yote aliyopewa fundi. Akipima hapo hapo na kusoma 50.010 atadhani amepatia. Shafti ikipoa itakuwa 49.986, na kazi imeharibika bila mashine kuwa na kosa lolote.

Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana, mwaka 1931, kwamba vipimo vya bidhaa za viwandani vihesabiwe kwenye joto la nyuzi 20. Maabara kubwa hulinda joto hilo kwa mitambo, mchana na usiku. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi ya nyuzi kumi na kitu na alasiri hukaribia 26. Fundi asiye na chumba cha kudhibiti joto anaidhibiti kazi yake kwa subira na ujuzi. Hukata karibu na kipimo, huizima mashine, huacha shafti ipoe, ndipo hurudi kwa mkato wa mwisho. Mteja mwenye haraka humwona amekaa bure, kumbe kusubiri huko ndiyo sehemu ngumu ya kazi yenyewe.

Kanuni hiyo hiyo iliyokuwa adui sasa hugeuzwa mtumishi. Beringi hutumbukizwa katika mafuta safi yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 hivi. Tundu lake hutanuka kwa zaidi ya sehemu 30 za elfu moja za milimita, likaivaa shafti bila kupigwa nyundo hata mara moja. Ikipoa hushika. Ukiona mtu anaibandika beringi kwa nyundo na kipande cha bomba, ujue anaua kwa dakika moja kitu kilichotengenezwa kidumu miaka.

Kupima kwenyewe hufanywa kwa mikromita, chombo kinachoenea kiganjani ambacho asili yake ni Ufaransa, ambako Jean Laurent Palmer alikisajili mwaka 1848. Siri yake ni skrubu. Ukiizungusha mzunguko mmoja husogea nusu milimita. Silinda yake imegawanywa alama 50. Kwa hiyo alama moja ni sehemu moja ya mia ya milimita. Mkono wa kawaida usingeweza kuhisi mwendo huo, lakini skrubu huukuza hadi jicho likauona. Hata hivyo mikromita haijipimi. Ukiibana kwa nguvu hudanganya, ukiishika muda mrefu hupata joto la kiganja ikadanganya tena. Kipimo kizuri kiko katika vidole vilivyozoea.

Vidole hivyo vina heshima kubwa katika historia kuliko tunavyofundishwa. Leo tuna mashine zinazoongozwa na kompyuta, zinazokata zenyewe kwa usahihi wa kustaajabisha. Lakini mashine sahihi hutengenezwa na mashine nyingine sahihi. Ya kwanza ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko katika karakana za London za mwanzoni mwa karne ya 19, hasa ile ya Henry Maudslay, ambamo kijana Joseph Whitworth alifanya kazi. Mwaka 1840 Whitworth alieleza hadharani jinsi ya kupata uso ulio tambarare kabisa bila kuwa na uso mwingine tambarare wa kuigia. Unachukua mabamba matatu ya chuma. Ukilinganisha mawili tu, moja linaweza kuwa limevimba na jingine limebonyea, yakakaa pamoja vizuri na kukuhadaa. Ukiongeza la tatu, uongo huo hauna pa kujificha: yaliyovimba mawili hayawezi kukutana. Ili kila bamba lilale sawasawa juu ya kila jingine, yote matatu sharti yawe tambarare. Unapaka rangi nyembamba, unagusanisha, unaona palipoinuka, unapakwangua kwa mkono, unarudia. Kwa siku nyingi. Usahihi wa viwanda vyote vya leo una mizizi katika kukwangua kule, na ulianza bila chombo chochote cha ajabu, kwa akili na mikono ya mafundi.

Mwaka uliofuata, 1841, Whitworth huyo huyo alipendekeza hesi za aina moja kwa bolti na nati zote za Uingereza. Urithi wake ungali unawasumbua mafundi wa Bonde la Ufa, kwa sababu mashamba yetu yana trekta na mitambo ya kila taifa na kila umri. Bolti ya nusu inchi ya mtindo wa Whitworth ina hesi 12 kwa inchi. Ya mtindo wa Kimarekani ina 13. Nati ya moja huiingia nyingine mizunguko michache kisha hukwama, na asiyejua huikaza kwa nguvu mpaka hesi zikafa. Fundi mzuri hutoa geji ya hesi kabla ya spana.

Ukienda hadi Naivasha, bei ya usahihi hupanda. Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka 1981, tabaini huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, gramu 50 zikizidi upande mmoja, nusu mita kutoka katikati, huvuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 250, zikibadili upande mara 50 kila sekunde. Na mvuke wa ardhini hauji peke yake. Huja na madini ya silika yanayoweza kuganda ndani ya tabaini na kuharibu uwiano wake. Anayesafisha, kupima na kurudisha uwiano huo ni mtu wa ufundi. Taa zinazowaka nyumbani mwako zimepitia mikononi mwake.

Lakini dharau kwa fundi ni ya kale katika bonde hili. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, il-kunono, waliofua mikuki na sime. Moran hakuwa na silaha pasipo wao, na bado walitengwa. Koo nyingine zilikataa kuoana nao. Reli ilipopanda kutoka Mombasa, ikapita Nakuru na kufika Kisumu mwaka 1901, mafundi wake wengi waliletwa kutoka India, na ufundi wa mashine ukaonekana kama kazi ya wageni. Baada ya uhuru tukapata dharau ya tatu, ya cheti: mtoto aliyeanguka mtihani ndiye wa kupelekwa ufundi. Hata vyuo vyenyewe vilivutwa kuelekea huko. Politekniki za Nairobi na Mombasa zilifanywa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, kana kwamba kubaki politekniki ni aibu.

Nakuru ina politekniki ya kitaifa, Rift Valley, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa kazi ya mikono kwa madaraja matatu, hata waliojifunzia juani. Kwa hiyo njia ipo. Mzazi mwenye mtoto anayependa kufungua na kufunga vitu asimwonee haya. Ampeleke mapema, kabla ya mtihani kumwambia hafai. Nawe mwenye shafti, nenda kwa fundi mwenye mikromita, mwombe akuonyeshe kipimo, na akisema chuma kipoe kwanza, msubiri na umlipe saa hiyo pia.