UMRI WA GARI NA UMRI WA MUUNDO WAKE

Tarehe mosi Januari mwaka 2025, jirani zetu wa Kenya walifunga mlango kwa kila gari kuukuu kutoka nje ambalo liliandikishwa kwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2018. Hiyo haikuwa sheria mpya. Ni kanuni ya miaka minane, ambayo shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS, huwakumbusha waagizaji kila mwaka unapokaribia kwisha. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Hapa kwetu Tanzania njia iliyofuatwa ni ya ushuru: gari likizidi miaka minane, mwenyewe hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu.

Nchi zote tatu, basi, huhesabu umri wa gari. Lakini upo umri wa pili ambao afisa wa forodha hauulizi, nao ndio unaomkabili mnunuzi siku anapokwenda kutafuta vipuri. Huo ni umri wa muundo wenyewe. Yaani, ni miaka mingapi imepita tangu kiwanda kianze kuunda gari la namna ile, na katika miaka hiyo limegeuzwa sura mara ngapi.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuanzia kiwandani. Mabati ya gari hukandamizwa na mashine kubwa zenye kalibu za chuma. Kalibu ya paa, ya milango na ya ubavu hugharimu fedha nyingi mno, na fedha hizo hazirudi mpaka kalibu imetoa magari kwa maelfu na maelfu. Kwa upande mwingine, mnunuzi wa Tokyo au wa London huchoka upesi. Gari lililompendeza mwaka wa kwanza humwonekea la kale mwaka wa tatu. Kiwanda kikabuni njia ya katikati. Muundo unapofika nusu ya maisha yake, hubadilishwa vitu vya gharama ndogo, kama taa, bampa, wavu wa mbele na mapambo ya ndani, na paa na milango huachwa kama vilivyokuwa. Gari huonekana jipya, na kalibu ni zile zile.

Toyota Corolla ni mfano mzuri. Ilianza mwaka 1966. Muundo wa pili ukatoka mwaka 1970, wa tatu 1974, wa nne 1979, wa tano 1983, wa sita 1987, wa saba 1991 na wa nane 1995. Ni mwendo wa takriban miaka minne minne, na katikati yake sura hugeuzwa. Ule wa mwaka 1995, kwa mfano, uligeuzwa sura mwaka 1997. Baadaye mwendo ukapungua: muundo uliotoka Japani mwaka 2000 ulipata mrithi mwaka 2006, na huyo akapata wake mwaka 2012. Uchumi wa Japani ulikuwa umezorota katika miaka ya 1990, na viwanda vikaona kuwa kubomoa kila baada ya miaka minne ni anasa.

Lakini si magari yote yanayofuata kalenda ya fasheni. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayobeba wagonjwa, askari na watalii katika nchi zetu hizi, ilitoka mwaka 1984 na bado inaundwa. Ilirekebishwa mwaka 1999, tena mwaka 2007 na tena mwaka 2023, lakini umbo lake ni lile lile. Mteja wake hanunui sura.

Kati ya hizo mbili iko Toyota Probox, ambayo msafiri wa barabara za Kenya haielezwi. Ilitoka mwaka 2002, ikakaa miaka 12 bila sura yake kuguswa sana. Mwaka 2014 sehemu yote ya mbele ikaundwa upya: boneti, taa, bampa, hata na baadhi ya injini. Sehemu ya nyuma ikabaki karibu vile vile, na jina halikubadilika. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Mwandishi wa mazungumzo haya alipata kuzunguka maduka manne na taa mkononi, taa aliyouziwa kwa jina la gari tu, isiingie mahali pake hata kwa nyundo.

Magari haya hutufikia kwa mawimbi. Kule Japani, gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na wengi huona heri kuuza gari kabla ya ukaguzi wa mwaka wa tano au wa saba. Muundo mpya ukitoka wakati huo huo, wa zamani huzidi kushuka bei, na meli za Mombasa na Dar es Salaam hujaa. Kwa hiyo, muundo ambao Japani imekwisha kuuacha huweza kuwa mgeni kabisa Nairobi, na mafundi wa gereji huanza kujifunza pale ambapo kiwanda kimemaliza.

Mnunuzi asitegemee mwaka ulioandikwa kwenye hati peke yake. Atazame namba ya chesisi, hasa herufi na tarakimu za mwanzo, kwani ndizo zinazotaja muundo. Probox ya zamani yenye injini ya lita moja na nusu huanza na NCP51. Ile iliyotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 2014 huanza na NCP160. Herufi hizo ziandikwe kwenye karatasi, naye muuza vipuri aonyeshwe karatasi hiyo kabla fedha hazijatoka mfukoni.