Milimita 0.4 zinazoiwasha Volks

Mwenye Volks ya miaka ya sitini akienda gereji kulalamika kwamba gari inachoka mlimani, inamisi ikishapata moto, au asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, mara nyingi fundi atakimbilia kabureta. Kabureta ipo wazi, ina skrubu za kuzungusha, na harufu ya petroli humfanya kila mtu aamini kwamba shida imelala hapo. Mimi huanza pembeni yake, chini ya kile kifuniko cheusi cha distribyuta chenye nyaya tano. Humo ndani kuna kontakti pointi, vichwa viwili vidogo vya chuma kigumu vinavyogusana na kuachana, ambavyo magari ya siku hizi hayana. Vijana wengi waliojifunza kazi kwa kuchomeka kompyuta ya kusomea makosa hawajawahi kuviona, na siwalaumu.

Si Volks peke yake. Peugeot 404 na 504, Datsun 1200, Land Rover zile za Series, zote za petroli zilitoka kiwandani na pointi za namna hii. Mfumo wenyewe ni wa Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, na ulianza kupata umaarufu kupitia Cadillac za mwaka 1910. Ulidumu zaidi ya miaka sitini kabla mifumo ya elektroniki haijaanza kuusukuma nje katika miaka ya sabini. Tommy Fjastad aliposhinda mbio za Safari za mwaka 1962 kwa Volkswagen, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki, injini yake ilitegemea vichwa hivi hivi viwili.

Wengi hudhani cheche ya plagi huzaliwa pointi zinapogusana. Ni kinyume chake. Pointi zikiwa zimefunga, umeme wa betri hupita kwenye waya mnene wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Kwenye plagi hakuna kinachotokea. Kisha nundu ya shafti ya distribyuta inasukuma mkono wa pointi, vichwa vinaachana, umeme unakatika, na ile sumaku inaanguka kwa ghafla. Umewahi kufunga bomba la maji kwa haraka ukasikia mfereji mzima ukigonga ukutani? Mshtuko wa namna hiyo ndio unaoingia kwenye waya mwembamba wa koili, wenye mizunguko mingi mara mia hivi kuliko ule mnene, na kutoka volti 12 unapata volti elfu kadhaa za kuruka kwenye plagi.

Kondensa, lile kopo dogo lililofungwa ubavuni mwa distribyuta, lipo ili mkato huo uwe safi. Bila kondensa umeme ungeendelea kuruka katikati ya vichwa vinavyoachana, ungeviunguza, na sumaku ingeshuka taratibu badala ya kuanguka. Plagi ingepata cheche dhaifu ya rangi ya njano au isipate kabisa.

Sasa tazama kasi ya kazi hii. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani mia moja kila sekunde. Kila silinda inapewa digrii 90 za mzunguko wa distribyuta. Kwenye Volks, kati ya hizo 90, pointi mpya zilizopangwa vizuri hukaa zimefunga digrii 44 hadi 50. Muda huo ndio koili inaoupata wa kujaa: kwa kasi hiyo ni karibu sehemu tano za elfu za sekunde. Hapo ndipo maana ya pengo, yaani nafasi kati ya vichwa vikiachana kabisa, inapojitokeza. Tunapima nafasi hiyo kwa fila geji, kibamba chembamba cha chuma chenye unene maalumu, lakini tunachokirekebisha hasa ni muda. Pengo likiwa kubwa, pointi zinafunga kwa muda mfupi mno, koili haijai, na gari inaanza kumisi ukikanyaga mafuta barabara kuu ingawa inaunguruma vizuri tu ikisimama taa zikiwa nyekundu. Pengo likiwa dogo, koili inajaa sana, lakini vichwa haviachani vya kutosha, vinaungua, na cheche inachelewa.

Kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya wenye magari. Mkono wa pointi unategemea kisigino cha plastiki ngumu kinachosuguana na nundu. Kisigino kinalika kidogo kidogo, pengo linapungua, na kila digrii moja inayoongezeka kwenye muda wa kufunga inachelewesha cheche kwa digrii moja hivi ya krenki. Gari haizimiki. Inapoteza nguvu polepole kwa miezi, na dereva anazoea kupanda mlima kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani alipanda kwa ya nne.

Kubadilisha ni kazi ya nusu saa kwa asiye na haraka. Toa waya wa ethi wa betri, fungua klipu mbili za kifuniko, vuta rota. Tandika kitambaa chini, maana skrubu ya pointi ni ndogo na ina tabia ya kudondokea mahali pasipofikika; bisibisi yenye sumaku inasaidia. Ukishatoa pointi za zamani, futa nundu, paka grisi kiasi cha punje ya mchele, na pale juu ya shafti, chini ya rota, tone moja la oili kwenye kile kipande cha sufi. Grisi ikizidi itarushwa kwenye vichwa, na utarudi kesho. Pointi mpya nazo hutoka kwenye boksi zikiwa na utando wa mafuta ya kuzuia kutu. Zifute kwa kitambaa kilicholowekwa petroli kidogo au spiriti, la sivyo gari inaweza kukataa kuwaka ukaanza kutafuta kosa ambalo hukulifanya.

Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli mpaka kisigino kikae juu kabisa ya nundu. Legeza skrubu ya pointi kidogo tu, ingiza fila geji ya milimita 0.4, tia bisibisi kwenye ufa ulio kati ya vinundu viwili vya bamba la pointi na uisokote mpaka bamba la geji lipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza, kisha pima tena. Usiruke kupima tena, kwa sababu skrubu inapokazwa huvuta bamba, na pengo ulilolihangaikia linageuka kuwa jingine. Hakikisha pia waya wa pointi haugusi mwili wa distribyuta; ukigusa, umeme haukatiki kamwe na gari haitawaka hata ukiisukuma hadi kituo kinachofuata.

Halafu pima kwenye nundu zote nne. Mafundi wengi huishia kwenye moja. Kama ya kwanza ni 0.4 na ya tatu ni 0.3, pointi hazina hatia: bushi za shafti zimelika na shafti inayumba. Ishike kwa vidole uitikise, utaisikia. Distribyuta ya hivyo inahitaji bushi mpya, na kuendelea kuinunulia pointi kila baada ya miezi miwili ni kutupa pesa.

Fila geji ina udhaifu mmoja. Pointi zilizotumika hujenga kilima kwenye kichwa kimoja na shimo kwenye kingine, kwa sababu chuma huhama na umeme. Bamba la geji linapita juu ya kilima, linasoma 0.4, wakati nafasi halisi iliyozunguka kilima ni kubwa zaidi. Kwa pointi za zamani kinachosema kweli ni mita ya kupima digrii za kufunga. Kama huna, zilainishe kwa tupa ndogo ya pointi, zitakufikisha nyumbani, kisha weka mpya. Msasa usiutumie: punje zake hukwama kwenye chuma na kuzuia umeme. Nimeona pia watu wakipima kwa kipande cha boksi la kiberiti barabarani. Usiku, porini, ni sawa. Asubuhi yake tafuta geji.

Kuhusu kondensa, msimamo wangu haupendwi na wauza vipuri. Desturi ni kuibadilisha kila unapobadilisha pointi. Mimi naiacha ile ya zamani kama vichwa ulivyovitoa vimeungua kwa usawa na vina rangi ya kijivu. Kondensa iliyofanya kazi miaka kumi imeshajithibitisha, na kondensa nyingi mpya zinazouzwa leo za bei rahisi hufa injini ikipata joto. Vichwa vikiwa vya bluu au vyeusi, na ukifungua kifuniko injini inapozungushwa na starta unaona cheche kubwa nyeupe katikati ya pointi, hapo ibadilishe.

Pengo likishakaa, ndipo upange taimingi. Mpangilio huu haugeuzwi, kwa kuwa pengo linahamisha taimingi lakini taimingi haihamishi pengo. Volks nyingi za 1300 na 1500 hupangwa digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, injini ikiwa imezimwa. Baadhi ya 1600 zenye mipira miwili ya vakyumu hupangwa digrii 5 baada ya juu, injini ikiwaka, kwa hiyo soma namba ya distribyuta kabla ya kumsikiliza jirani. Kwa zile za kupangwa kimya, taa ya kupimia ya volti 12 inatosha. Zungusha puli mpaka alama yake ilingane na mstari unaounganisha nusu mbili za injini, rota ikielekea mfuo ulio kwenye ukingo wa distribyuta, ambao ni wa silinda namba 1. Unga waya mmoja wa taa kwenye teminali namba 1 ya koili na mwingine kwenye ethi, rudisha betri, washa swichi. Legeza kishikizo cha distribyuta, igeuze kufuata mwendo wa saa mpaka taa izimike, kisha irudishe taratibu. Taa inapowaka tu, simama, kaza. Wakati huo huo ndio pointi zimeanza kuachana. Zima swichi mara umalizapo, kwani koili inayoachwa na umeme huku injini imesimama hupata moto na kuharibika.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiweke kifaa cha elektroniki kinachoingia ndani ya distribyuta ile ile na kufuta habari yote hii. Kwa anayeendesha kila siku mjini nakubali, ni raha. Kwa anayevuka Dodoma kwenda Singida namwambia afunge pointi zake za zamani kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kondensa na bisibisi, aviweke chini ya kiti. Kile kifaa kikifa, hakionyeshi dalili wala hakikubali kukwaruzwa kwa tupa.

Pointi mpya zifungue tena baada ya kilomita 500 hivi. Kisigino hulika haraka zaidi mwanzoni kikijikalisha kwenye nundu, na pengo la 0.4 utalikuta limefika 0.35 au chini yake. Lirudishe, kisha washa tena ile taa ya kupimia, maana cheche nayo imechelewa. Baada ya hapo kagua kila kilomita 5,000 na ubadilishe karibu na 10,000.